Gundi, Sponji na Shafti ya Milimita 3

Katika roboti ndogo ya mapigano, yaani mashine inayoongozwa kwa rimoti ili isukume, ipindue au ikatekate mashine nyingine ndani ya ulingo uliozungushiwa plastiki ngumu, hakuna kiungo kinachodharauliwa kuliko gurudumu, wala hakuna kinachojua kulipiza kisasi vizuri zaidi. Mwundaji hutumia majuma kadhaa akinoa silaha na kuipaka rangi ya kutisha, na gurudumu huliachia usiku wa kuamkia mashindano, saa ambayo akili imekwisha kulala na mikono peke yake ndiyo inayoendelea na kazi.

Nchini Uingereza, daraja dogo linalopendwa sana lina kikomo cha gramu 150, na roboti sharti itoshee ndani ya mchemraba wenye pande za inchi 4 kabla ya pambano; nchini Marekani daraja linalofanana nalo hufikia ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Kwa uzito huo wa kubanwabanwa, sponji hupendwa kwa sababu ni nyepesi, humeza kishindo kabla hakijaifikia giaboksi, yaani kijisanduku cha meno kinachopunguza kasi ya mota na kuiongezea nguvu, na hata ikinyofolewa kipande na silaha ya adui, kilichobaki huendelea kuitwa gurudumu, ijapokuwa ni gurudumu linalochechemea.

Taabu huanza pale sponji inapotakiwa kushikana na shafti, kijiti cha chuma kinachotokeza kwenye mota, ambacho katika mota nyingi za daraja hili kina kipenyo cha milimita 3 na ubavu mmoja uliobapa. Kati ya viwili hivyo huwekwa kitovu cha plastiki au alumini, lakini mwundaji aliyechoka hukiona kitovu kuwa anasa, akaikimbilia supaglu. Gundi hii ina historia ya ukaidi: Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Eastman Kodak waliikuta mwaka 1942 walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya vilenga shabaha vya bunduki, wakaiweka kando kwa kosa la kunata kwenye kila kilichoigusa, na haikuingia sokoni hadi mwaka 1958. Kwa kuwa huganda kwa msaada wa unyevu, na kwa kuwa vidole vya mtu mwenye wasiwasi havikosi jasho, kidole gumba hushikana na meza upesi sana, huku gurudumu likiwa bado linafikiria. Asetoni humkomboa mfungwa huyo, ila pia huyeyusha baadhi ya plastiki, kwa hiyo ni busara kutazama kwanza bodi ya roboti imelala upande gani wa meza.

Gundi iliyobaki nayo haikai bure. Ikilowea ndani ya sponji huikausha ikawa ngumu na yenye kuteleza, sifa mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzitafuta katika tairi; ikiwa nyepesi mno hutambaa kando ya shafti hadi ndani ya giaboksi, na asubuhi mwundaji hufurahi kuona gurudumu halichomoki hata kwa koleo, kisha hugundua kwamba halizunguki pia.

Waliokwisha kuonja hayo hurudi kwenye kitovu chenye skrubu ya kubana, ile isiyo na kichwa inayokazwa kwa alenki juu ya ubavu uliobapa wa shafti. Ikikazwa upande wa mviringo huteleza tu, na hata ikikaa mahali pake mtikisiko wa pambano huilegeza, ndiyo maana hutiwa gundi maalumu ya nyuzi za skrubu, ambayo nayo ikidondokea polikaboneti, plastiki ngumu inayotumika sana kwenye bodi, huweza kuipasua nyufa. Sponji huunganishwa na kitovu kwa gundi nzito ya viatu, inayokauka polepole na kubaki laini, jambo ambalo halimfai mtu aliyeanza kazi saa nane za usiku.

Ulingoni, roboti isiyoweza kuonyesha mwendo unaoongozwa huhesabiwa, kwa kawaida sekunde 10, kisha hutangazwa kuwa imeshindwa. Shafti huendelea kuzunguka kwa bidii pasipo kitu juu yake, ilhali sponji na kitovu chake vinabingirika pamoja kuelekea ukutani, vikiwa vimegandana barabara, kwa maana safari hii gundi ilifanya kazi yake na kilichoachia ni skrubu.