Mkanda Mweusi wa Bula Pesa

Tuna karani mmoja hapa Isiolo, ofisi yake siitaji, ambaye faili ikizidi kurasa kumi huita msaidizi aje aibebe. Mgongo, anasema. Basi jioni piteni Bula Pesa mumwone kwenye mazoezi ya karate: mguu juu ya kichwa, ukelele mpaka mbuzi wanahama kivuli. Usiku ni kinanda. Pambio lake lile moja sisi majirani tunalijua kuliko majina ya wanetu, na kidole bado hukosea palepale.

Mtu na apende anachopenda. Bruce Lee mwenyewe alikuwa bingwa wa kucheza cha-cha Hong Kong mwaka 1958. Naye Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule. Ila sijasikia kwamba wanafunzi wake waliambiwa "rudi kesho".

Hapa mzee ametoka Merti juu ya lori kufuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. "Rudi kesho, mzee wangu," kwa sauti laini, ya kwaya kabisa.

Wiki hii mazoezi yamewahishwa kidogo. Yanaanza saa tisa.