Ndovu Watano wa Baba Mdogo

Maktaba ya Bodleian kule Oxford haikuruhusu kusoma mpaka uape. Unakubali kiapo cha tangu zamani kwamba hutaingiza moto humo ndani, wala hutauwasha. Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza kidogo. Kwetu Litein, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelalia majani chai, nyumba isiyotoa moshi asubuhi majirani huja kuuliza kulikoni. "Sasa hao watu wanaota nini?" Nikamweleza habari za mabomba ya maji moto ukutani. Akaniuliza kama aliyenituma huko ana akili timamu.

Nilifuata shajara za Richard Meinertzhagen, afisa aliyemuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitishwa wa kutafuta amani. Nduguye Koitalel, Kipchomber, ndiye aliyekuwa orkoiyot kwetu Wakipsigis, na yeye pia Waingereza walimhamishia Fort Hall, Murang'a ya leo, akafia uhamishoni. Ukitaka kuandika historia ya ukoo wao wa Talai, humkwepi Meinertzhagen. Taabu ni kwamba bwana huyo alikuwa mwongo, tena mwongo mwenye bidii.

Simsingizii. Alisifika kwa ujuzi wa ndege, kumbe aliiba ndege waliokaushwa kwenye jumba la makumbusho la London, akawabandika vibandiko vipya kana kwamba amewawinda mwenyewe, mahali pengine kabisa. Kuna bundi mdogo wa India ambaye wataalamu walimtafuta bila mafanikio, na kibandiko cha Meinertzhagen kilichowaelekeza Gujarat hakikuwasaidia. Pamela Rasmussen na wenzake walikipuuza, wakafuata kumbukumbu za wakusanyaji wengine, na mwaka 1997 wakamkuta bundi katikati ya India, ametulia mtini, hana habari kwamba amepotea. Shajara zenyewe zimepigwa taipu, kwa hiyo hata mwandiko wa kutoa ushahidi haupo. Cha kweli alichopeleka London ni yule nguruwe mkubwa wa misituni aliyepewa jina lake mwaka 1904. Nguruwe hakuulizwa.

Basi niko mezani, penseli mkononi (kalamu ya wino ni marufuku), nachambua kila sentensi ya mtu huyu kama anayechagua mawe kwenye maharagwe, na simu imeanza kutetemeka mfukoni. Kikundi cha ukoo.

"NDOVU!" ameandika baba mdogo. Ana mahindi huko Chepalungu, na ndovu wa Maasai Mara huvuka mara mojamoja wakaja upande wa Bomet. Asubuhi ndovu alikuwa mmoja. Kufikia mchana walikuwa watatu, mmoja ananyonya. Jua lilipotua walikuwa watano na ua lote limelala chini. Shangazi, anayekaa ng'ambo ya mto, alithibitisha kwamba amesikia mlio, ila akaongeza kwa uaminifu wake kwamba huenda lilikuwa lori la majani chai lililokwama kwenye matope. Binamu yangu akatuma picha: kundi la kupendeza, na nyuma yao mbuyu. Nikauliza kwa adabu mbuyu umeota Chepalungu lini. Binamu akajitoa kwenye kikundi. Ikabidi abembelezwe na wazee arudi, kwa kuwa ndiye mweka hazina wa harusi ya Desemba.

Askari wa wanyamapori walifika usiku, wakafyatua risasi hewani, wakawasukuma wanyama kurudi walikotoka. Askari mmoja alisema amewaona wawili. Baba mdogo hakumtilia maanani. Askari, alisema, alikuwa na tochi mbovu.

Kesho yake akanipigia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu mkulima kudai fidia ya mazao, na fomu inataka maelezo.

"Profesa," aliniita, ingawa uprofesa nausikia kwake tu, "wewe kazi yako ni karatasi. Niandikie vizuri, kwa Kiingereza. Weka watano."

"Baba, uliwaona wote watano?"

"Giza lile ningeonaje? Nilihesabu nyayo asubuhi."

"Zilikuwa ngapi?"

"Ishirini."

Nikakaa kimya. Mlango wa maktaba ulikuwa nyuma yangu, na ndani yake mabuku ya mtu aliyetunukiwa nishani. Nikilinganisha, ishirini gawanya kwa nne ilikuwa hesabu safi kuliko nyingi nilizokutana nazo wiki ile.

Nikamwandikia: ndovu watano, kwa mujibu wa mlalamikaji.

Jibu lake lilikuja kabla sijafika kwenye meza yangu. "Imekaa vizuri. Ila hiyo 'kwa mujibu' itoe."