Jifanye Mjinga, Mtoto Aseme

Mwongozo huu ni wa watu wa Isikizya na vijiji vya jirani vya Uyui wenye mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye shughuli zake zote anazimaliza kwa kidole. Akikinyoosha kwenye mtungi, analetewa maji. Akivuta kanga ya mama, anabebwa. Akiguna mara mbili huku anatazama mlango, dada yake ameshajua kwamba anataka kwenda kuona mbuzi. Familia nzima imejifunza lugha yake, na imejifunza kwa upendo. Hakuna aliyekosea, mtoto anaweza kuchelewa kusema kwa sababu nyingi zisizohusiana kabisa na malezi. Lakini ukitaka kumsaidia, itabidi mtu mzima mmoja mwenye akili zake timamu akubali kushushwa cheo. Awe mjinga, abweke, atambae, azungumze na sufuria mbele ya majirani. Hakuna kifaa cha kununua. Anatakiwa mtu asiye na haya.

Kabla hujaanza kubweka, mpeleke mtoto akapimwe masikio. Bibi yake atakwambia anasikia vizuri, maana bodaboda ikipita barabara ya Nzega anakimbilia mlangoni. Bibi anasema kweli, na bado haitoshi. Mtoto anaweza kusikia pikipiki, ngoma na ngurumo, akazikosa sauti nyembamba kama s, f na sh, na maneno yakamfikia nusu nusu. Mwingine anageuka ukimwita kwa sababu ameona kivuli chako au amehisi sakafu ikitikisika. Usaha wa masikio unaojirudia, homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya siku za mwanzo za uhai, na baadhi ya dawa za sindano kama gentamicin vinaweza kuharibu usikivu. Malaria iliyopanda kichwani nayo huacha alama: watafiti waliowafuatilia watoto waliopona malaria hiyo kule Kilifi, Kenya, waliwakuta baadhi yao wakiwa na matatizo ya lugha na usemi. Kwa sisi wa Tabora, ambako malaria tunaijua kwa jina na kwa sura, mweleze daktari hata ule ugonjwa unaodhani ulishasahaulika. Nenda na kadi ya kliniki. Zahanati au kituo cha afya wakuandikie rufaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko Tabora mjini.

Na kama vipimo vikisema hasikii, usione dunia imefika mwisho. Shule ya kwanza ya watoto viziwi Tanzania ilianzishwa Tabora, mwaka 1963, na Kanisa Katoliki, kwa hiyo huu si mkoa unaoanza leo kumjua mtoto asiyesikia. Lugha ya alama ni lugha kamili, na anayeipata mapema anapata pa kuyaweka mawazo yake yote. Muhimbili nako walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Katika njia hizo zote, umri mdogo ni mtaji.

Uende lini? Mtoto wa mwaka mmoja awe anabwabwaja, ananyoosha kidole, anapunga mkono wa kwaheri. Wa mwaka na nusu awe na maneno machache yake mwenyewe. Wa miaka miwili awe na maneno kama hamsini na aanze kuunga mawili: mama njoo, maji baridi. Wa miaka mitatu, hata mpita njia awe anaelewa sehemu kubwa ya anachosema. Akiwa nyuma ya hapo, nenda. Na akiwa alishaanza kusema kisha akayapoteza maneno, nenda wiki hii hii, umri wowote alionao. Akisema "pila" badala ya mpira, hilo mwache nalo kwanza. Sauti ya r huchelewa, na hapa kwetu wapo wazee wenye heshima zao ambao hawajawahi kuihitaji.

Ndugu watakuja na ushauri, na wengi watakuja wakikupenda. Utaambiwa akatwe kimeo. Kataa. Kukata kimeo kunaleta damu na vidonda, na hakujawahi kumpa mtoto hata neno moja. Utaambiwa ana udata, ile ngozi ya chini ya ulimi. Mwambie daktari aitazame, lakini ujue kwamba ulimi ulioshikwa unaweza kusumbua kunyonya au kutamka baadhi ya sauti; haumzuii mtoto kuwa na maneno. Kisha utaambiwa kwamba baba yake alichelewa hivyo hivyo, na leo hakuna mkutano wa kijiji anaonyamaza. Inawezekana kabisa. Kuchelewa kusema huenda na ukoo, na watoto wengi huwafikia wenzao bila msaada wowote. Ila kwa mtoto wa miaka miwili, hakuna daktari wala mganga awezaye kukuapia kwamba huyu wako ni miongoni mwa hao. Kwa hiyo mheshimu baba, na safari ya Kitete iwe pale pale.

Sasa tuingie kwenye ujinga.

Chukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye mfuniko mgumu. Katakata matobolwa laini vipande vidogo vya kutoshea mdomo wake, weka ndani, kaza mfuniko, kisha liache mahali anapolifikia. Atahangaika nalo kwa vidole, kwa meno, kwa kuligonga sakafuni. Halafu atakuletea. Lipokee kama mtu ambaye hajaona kopo tangu azaliwe. Ligeuze juu chini. Litikise karibu na sikio. Mtazame usoni, nyanyua nyusi, na ufunge mdomo wako.

Ufunge kweli. Hesabu moyoni mpaka kumi, taratibu. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kama miezi mitano akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani, na walifika. Sisi sekunde kumi zinatushinda. Ya tatu tu tumeshasema "unataka nifungue, eeh, haya nakufungulia", na zamu ya mtoto imeliwa. Ukiweza kuvumilia, utaona: atalitazama kopo, atakutazama wewe, atalitazama tena kopo. Midomo itakutana. Labda itatoka "fu". Hiyo "fu" ishangilie kama bao, sema "Fungua! Fungua kopo!" na ufungue papo hapo, kabla furaha haijapoa.

Kama haikutoka sauti, akakuwekea mkono wako juu ya mfuniko, hayo nayo ni mazungumzo. Sema wewe "fungua", mfungulie, mpe. Usimwekee chakula rehani. Usimwambie hali mpaka aseme. Ujinga ukifika mahali pa kumliza, umegeuka kuwa ukatili, na kitu pekee atakachojifunza hapo ni kwamba maneno yanauma. Mara mbili tatu kwa siku zinatosha. Leo kopo, kesho umpe uji bila kijiko ukae umetulia, keshokutwa umvalishe kiatu mkononi. Atakusahihisha, na hakuna kitu kinachomtamanisha mtoto kusema kama kumsahihisha mtu mzima.

Akisema neno, liongezee moja tu. Akisema "mbuzi", wewe sema "mbuzi anakula". Akisema "mbuzi kula", jibu "mbuzi anakula majani". Usimwambie amekosea na usimrudishe nyuma arudie. Mpe umbo sahihi ndani ya jibu lako, kwa sauti ya mtu aliyekubaliana naye. Ukiongeza maneno kumi kwa mpigo, atazama humo.

Acha mitihani. Hili ni gumu kwetu, kwa sababu mgeni akiingia tu tunataka kumwonyesha. "Sema shikamoo. Sema baba. Hii ni nini? Na hii?" Mtoto anageuza uso ukutani, na angekuwa mtu mzima angeomba wakili. Kila swali la namna hiyo lina jibu ambalo wewe unalo na yeye hana. Badala ya kuuliza, simulia. Anachokitazama yeye ndicho utaje, si kile unachotaka wewe akitazame. Akiwa anamtazama kuku, habari za embe ziache, sema "kuku. Kuku anakimbia. Huyooo!" Ukitaka kuuliza, mpe vitu viwili achague: "maji au maziwa?", huku umeshika kimoja kila mkono ili hata macho yake yaweze kujibu.

Kubweka sasa. Watoto wengi huanza na sauti kabla ya maneno: mee ya mbuzi, moo ya ng'ombe, pipii ya basi, pu! ya kitu kilichoanguka. Midomo inazipata kwa urahisi, na zina maana kamili. Mtoto anayesema "mee" kila akimwona mbuzi ameshakuwa na jina la mbuzi, lihesabu. Kwa hiyo piga magoti, uso wako ulingane na wake aone midomo inavyofanya, na ulie kama mnyama yeyote anayepita. Kwa Isikizya hutakosa wa kuiga.

Najua msimu wa tumbaku unavyokuwa. Alfajiri shambani, jioni mgongo hauna mwenyewe, na mtu anakuja kukwambia ucheze na mtoto saa nzima. Huhitaji saa. Zungumza na kazi uliyonayo. Sufuria ikiwa moto, iambie: "Moto! Moto sana." Ukiosha mikono yake, sema "mkono", mwagia maji, sema "mkono mwingine". Kupepeta, kuchambua mboga, kuanua nguo, kila kazi inajirudia, na mtoto anayechelewa anahitaji neno lile lile mara nyingi sana, kwa sauti ya uchangamfu, kwa sentensi fupi. Mkwe akikukuta unamsimulia kuku habari za pumba, mwamkie kwa adabu na uendelee.

Imba, kisha usimalize. Kwenye njia ya zamani ya misafara ya kwetu Tabora, kirangozi alitangulia na sauti na wapagazi wakaitikia, na mzigo ukatembea hadi pwani. Fanya vivyo hivyo. Mwimbie wimbo mmoja anaoupenda kwa siku nyingi mpaka aujue mwilini, halafu siku moja katisha kabla ya neno la mwisho, umtazame. Pengo hilo litamkera, na atalijaza kwa kichwa, kwa mkono, au kwa sauti. Mkubwa kidogo unaweza kumwambia "kitendawili!" na kumngojea aseme "tega", hata kama kitakachofuata hakieleweki na mtu yeyote.

Swali la lugha lisikunyime usingizi. Bibi anamwamkia kwa "mwangaluka", dada anamwita kwa Kiswahili, na mtu atakushauri muiache moja kwa sababu zinamchanganya. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Hesabu maneno yake ya Kinyamwezi na ya Kiswahili kwa pamoja, maana yote ni yake. Ukimnyang'anya Kinyamwezi, umemnyang'anya na bibi, mtu mwenye subira na hadithi kuliko wote nyumbani. Cha kupunguza ni simu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba chini ya miaka miwili mtoto asikalishwe mbele ya kioo, na hadi miaka minne isizidi saa moja kwa siku. Katuni inaongea kutwa nzima na haijawahi kumngojea mtoto ajibu.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache katika ukanda wetu. Makerere, Uganda, ilianza kuwafundisha mwaka 2008. Ukimpata mmoja, shika miadi yake kama hati ya shamba. Lakini hata huyo, akishamwona mtoto, atakurudisha nyumbani na kazi, kwa sababu yeye yuko naye nusu saa na wewe uko naye siku zote. Ili umwambie mtoto aliyoyaweza, yaandike nyuma ya daftari: neno, tarehe, alikuwa anataka nini.

Kuna siku, mgeni aliyekaa tangu mchana akiwa bado hajaaga, mtoto atasimama katikati ya chumba, ataunga maneno mawili kwa mara ya kwanza maishani mwake, na yatakuwa "mgeni ondoka". Usimfunike mdomo. Mwombe mgeni radhi kwa macho, chuchumaa, na uongeze neno moja: "Mgeni ataondoka kesho."

Kisha nyamaza, uhesabu mpaka kumi.