Shati Bila Mtu

Shangazi wa mke wangu ameuliza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima, mbele ya wakwe, mashemeji na watoto waliopewa simu juzi tu: "Mwanangu umependeza, mashallah. Ila hilo shati mmelitundika la nani, na huo mti umeotaje katikati ya bahari?"

Mti ni mimi.

Swali liliingia jana usiku baada ya isha, na hadi naandika haya vikatuni vya kucheka hadi machozi bado vinamiminika. Mjomba mmoja wa Tanga, ambaye kwa kawaida hutuma dua za Ijumaa na matangazo ya misiba tu, alivunja ukimya wake na kusema kwamba huo ni mkoko. Binamu mmoja akamsahihisha: mkoko hauoti kwenye mchanga mtupu, hilo litakuwa gogo limeletwa na maji. Mjadala ukahamia kwenye uharibifu wa mazingira. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, huyo si shemeji?" Na mke wangu, ambaye kwenye picha hiyo ameushika ule mti kiunoni, alijibu kwa kikatuni cha mwanamke aliyejiziba uso. Kisha akalala.

Picha ilipigwa Nakupenda, fungu la mchanga mweupe lililo mwendo mfupi wa boti kutoka Forodhani, Unguja, upande wa kisiwa cha Changuu. Halina nyumba wala mti, na kivuli ni kile cha maturubai wanayokwenda nayo watu wa boti. Maji yakipwa fungu linaibuka, yakijaa linaondoka, na katikati ya hapo wapendanao kutoka pembe zote za dunia hupanga foleni ili wapigwe picha wakiwa peke yao.

Nahodha alitutaka saa tatu asubuhi. Tuliondoka saa tano, kwa sababu dera lilikuwa linapigwa pasi.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, na bamvua si kitu cha kukichelewea. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na Unguja maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Saa nne hivi asubuhi yamepwa, saa kumi jioni yamejaa. Wavuvi hawana haja ya jedwali. Wanauliza leo mwezi ngapi, wanahesabu vidoleni, wanakupa saa. Lakini kilichonivutia zaidi, na ambacho nahodha alinieleza huku akiangalia saa yake kuliko alivyoniangalia mimi, ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yananyemelea, unaweza ukadhani yamelala. Saa ya tatu na ya nne yanatimka, na kila moja inabeba karibu robo ya safari nzima. Piga hesabu mwenyewe: mita moja kwa saa. Ukianzia saa nne asubuhi, mbio hizo zinaangukia kati ya saa sita na saa nane mchana.

Saa saba kamili ndipo mke wangu alipoipata engo.

Simu tulimpa kijana wa boti, aliyejitambulisha kuwa ni fundi wa mambo hayo. Mke wangu alivaa dera jeupe, mimi shati jeupe na kofia ya pama, kwa amri ya mke wangu, ili tufanane. Kijana akarudi nyuma, akachuchumaa, akaanza kazi.

"Dada, hapo hapo. Mashallah. Bosi, sogea. Bosi, cheka."

"Nimecheka."

Akatazama kioo cha simu. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye kioo.

"Cheka zaidi kidogo, bosi."

Nikatoa meno yote niliyojaliwa. Kijana akasema, "Sasa upo," kwa sauti ya mtu aliyepata mtandao. Mke wangu akaja kukagua, akasema dera limekunjamana, turudie. Tukarudia. Dera likanyooka, upepo ukalibeba mtandio. Tukarudia. Nyuma yetu foleni ilikuwa inarefuka: bwana na bibi wa Kizungu wameshika ndala mkononi, maharusi wapya wa kutoka bara wenye kijiti cha selfi, na mama mmoja aliyekuwa akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine nao wamelipa nauli. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Turubai letu likang'olewa, tikiti maji lililokuwa limekatwa likahamishiwa botini, mkoba wangu ukaanza kuelea na ukafuatwa na mtoto wa watu. "Bosi, fungu linakwenda," nahodha akaita. Mke wangu akasema moja ya mwisho. Ilipigwa tukiwa ndani ya maji hadi magotini, ndiyo aliyoichagua, na ndiyo hiyo mliyoisikia ikijadiliwa na wataalamu wa mikoko.

Kwenye picha hiyo tikiti limetoka vizuri. Liko mbali, ndani ya boti, na mbegu zinahesabika.

Usingizi ulinikimbia, nikaanza kusoma jinsi kamera inavyofanya kazi. Nawaambia, ni jambo la ajabu kuliko bamvua. Kamera haijui imeelekezwa kwenye kitu gani. Inachojua ni kiasi cha mwanga kinachoingia. Kwa hiyo tangu enzi za vipima mwanga vya mkononi mafundi walikubaliana kuidanganya kwa dhana moja: ukivichukua vyote vilivyomo kwenye fremu, nyasi, nguo, ukuta na anga, ukavikoroga pamoja, utapata kijivu. Si kijivu chochote, ni kile cha katikati, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kamera inaongeza au inapunguza mwanga hadi jumla ya picha iwe kijivu hicho, kisha inaridhika. Ioneshe ukuta mweupe mtupu, itakupa ukuta wa kijivu. Ioneshe paka mweusi amelala juu ya makaa, itakupa paka wa kijivu juu ya majivu.

Sasa ipeleke Nakupenda saa saba mchana. Mchanga mweupe, povu jeupe, dera jeupe, shati jeupe, na jua la utosini linalorudishwa na vyote hivyo kwa pamoja. Kamera inashtuka, inasema mwanga gani huu, inafumba jicho hadi weupe wote ushuke kuwa wastani. Uso uliokuwa na rangi yake ya kahawia iliyokoza, tena uko chini ya ukingo wa pama, unasukumwa hadi kwenye giza ambako hata mwenyewe hawezi kujitafuta. Wapiga picha wa zamani walilijua hili. Kwenye theluji au mchanga mweupe waliongeza mwanga mara mbili, hata mara nne, kuliko kipimo kilivyotaka. Walikuwa wanaitazama sura ya mtu, kipimo wanakiacha kiseme kinavyotaka.

Simu za leo zinajitapa kwamba zimelimaliza tatizo hilo. Kwa kubonyeza mara moja zinapiga picha kadhaa, nyingine za giza na nyingine za mwanga, kisha zinazishona ziwe moja. Zaidi ya hapo, kabla ya kupima chochote zinatafuta nyuso, ili nyuso ndizo zipewe mwanga wa haki. Ni kweli kabisa. Niliuliza, kijana wa boti akakiri kwamba alikiona kile kimraba cha manjano kinachozunguka uso. Mke wangu ni maji ya kunde. Simu ilitafuta nyuso, ikakuta moja.

Mpaka hapo nilikuwa bado nacheka peke yangu gizani. Kisha nikafika kwa Shirley.

Katika miaka ya 1950 Kodak ilianza kuzipelekea maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wao aliyeitwa Shirley, na hata walipobadilishwa wanawake, kadi zikabaki na jina lake. Fundi akisafisha picha anailinganisha na kadi: Shirley akitoka na rangi yake sawasawa, mashine imekaa sawa. Wewe ukitoka umeungua, hilo ni lako na Mungu wako. Miaka ikapita. Na waliosikilizwa, kwa maelezo ya watu waliofanya kazi humo humo, si watu weusi. Ni watengeneza samani na watengeneza chokoleti, waliolalamika kwamba mbao zao za kahawia hazitofautiani na chokoleti zao za kahawia hazina mvuto. Kwa ajili ya kabati na pipi, filamu zikaboreshwa. Ilipokuja kutangazwa filamu mpya iliyoboreshwa, sifa iliyotajwa ni kwamba inaweza kumpiga farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Sisi tuliingia kwa mgongo wa farasi.

Mtengeneza filamu Jean-Luc Godard alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 alizikataa filamu za Kodak, akisema ni za kibaguzi. Namshukuru, ingawa yeye angetoka vizuri. Lakini kilichonifanya nizime simu ni habari za Afrika Kusini ya makaburu. Huko kamera za Polaroid zilitumika kupiga picha za pasi walizolazimishwa kubeba watu weusi, na moja ya kamera zile ilikuwa na kitufe cha kuongeza mwanga wa flashi. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua biashara hiyo ya pasi mwaka 1970 wakaanza kuipinga, na kampuni ikajitoa Afrika Kusini mwaka 1977. Kumbe ilipotakiwa sura nyeusi ionekane ili mwenyewe azuiwe kuvuka mtaa, mwanga ulipatikana. Kwenye picha ya harusi haupo.

Nasema hivi nikiwa na kinyongo changu binafsi. Ofisi moja, siitaji, ilinirudishia picha ya kitambulisho kwa maelezo kwamba sura haionekani. Nilikuwa nimesimama mbele yao. Walikuwa wananiona vizuri kiasi cha kunikaripia. Nikalipa tena studio ya jirani, fundi akanipausha kwa kompyuta hadi nikakubalika, na leo natembea mfukoni na kitambulisho cha mtu ambaye mama yangu hakumzaa. Na simu nayo niliinunua kwa bei ile ile anayonunulia mwenye sura. Mwaka 2021 Google ilitangaza simu inayojali rangi za watu wote. Mwaka 2021! Mwezini watu walifika 1969, na picha wakapiga.

Asubuhi nilimpeleka mke wangu Mji Mkongwe, kwenye Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Nilitaka aone. Picha za rangi nyeusi na nyeupe, za watu weusi kuliko mimi, na kope zao unazihesabu. Mke wangu alizitazama kwa muda, akasema wanawake wa zamani walijua kuvaa.

Safari zetu nyingine ziko sebuleni, kwenye fremu. Irente, Lushoto: tumesimama juu ya jabali maarufu, na nyuma yetu badala ya nyika ya Umasaini kuna ukungu unaoweza kupigwa popote, hata bafuni. Mikumi, kupitia dirisha la basi: makalio ya tembo. Moshi: tunanyoosha vidole kwa fahari kuelekea wingu.

Nimetoa madai yangu rasmi. Pama nimeiacha. Nguo nyeupe hapana. Na picha zipigwe saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala ubavuni, mwanga unapofika usoni bila kupitia utosini. Mke wangu alikubali yote, akampigia nahodha turudi Nakupenda. Nahodha akahesabu siku za mwezi. Akasema Jumamosi hii bado ni bamvua, saa kumi na moja jioni pale kuna bahari tu, labda tupige tukiogelea. Wiki ya pili yake itakuwa maji mafu: hapo maji yanapwa jioni, saa tunayoitaka kabisa, ila hayapwi sana, na mchanga utakaopatikana anaweza kutuhakikishia nafasi ya kusimama mtu mmoja.

Mke wangu alinitazama.

Nahodha, ambaye ameona ndoa nyingi zikiingia na kutoka botini mwake, akashauri twende Changuu. Kule kuna miti, kuna kivuli kizuri, na wapo kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nikakubali haraka. Nimeshawatazama kobe wale kwenye picha za watu: ni wa kijivu wote, kijivu kile kile cha katikati, na hakuna simu inayowakosea. Mke wangu amekwisha kupanga engo. Yeye mbele, kobe katikati, mimi nyuma ya kobe. Nimemwambia nyuma sisimami. Tumebishana hadi wakati wa chakula, na hadi sasa amenishushia kidogo: niko ubavuni kwa kobe, nimechuchumaa, na kobe ndiye atakayebonyezwa kwenye kioo.