Nyaya Nne za Injinia

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna mtoto wa darasa la saba aliyeingiwa na mambo ya elektroniki, sogea tukae mkeka mmoja.

Kwetu yupo Injinia. Jina hilo kapewa na mama yake siku alipofungua pasi aone moto unakaa wapi, na pasi ikakataa kuwa pasi tena. Likizo hii kaja na shauri: jikoni iwepo skrini ya kutuambia tangi limejaa kiasi gani, maana kila tukiwasha pampu tunasahau, maji yanafurika mpaka kwenye bamia za Waziri. Waziri ni mke wangu. Maji, ada, mboga, vyote viko wizarani kwake.

Tukaenda Kariakoo, tukarudi na kipimo cha maji, bodi ya Arduino Uno na skrini ya mistari miwili, kila mstari nafasi 16. Skrini za aina hiyo zikiwa peke yake zinataka msitu wa nyaya. Yetu ilikuwa na kibao kimechomelewa mgongoni, kinachopokea habari kwa foleni, hivyo nyaya nne zinatosha: GND, VCC ya volti 5, SDA kwenda pini A4, SCL kwenda A5. Nikamwambia Waziri tutamaliza kabla wali haujaiva.

Wali ukaiva, ukaliwa, ukoko ukakwanguliwa. Skrini ilikuwa inawaka buluu safi, herufi hakuna. Tunageuka kukagua nyaya, mbili hazipo! Kitinda mimba wetu tunamwita Sungusungu, kwa sababu hakuna mali inayopita mbele yake isikamatwe. Kamsukia mwanasesere wake mikia miwili, mmoja mwekundu, mmoja wa njano. Dhamana ilikuwa biskuti nne na kuruhusiwa kulala kwa bibi yake.

Nyaya zikarudi, herufi hazikurudi. Injinia akanyamaza, kisha akasema, "Baba, labda tunamwita mtu kwa jina la mwenzake." Hapo nilimpenda mwanangu upya. Kila kifaa kwenye nyaya hizo kina anwani yake. Programu yetu ilikuwa inaita 0x27, anwani iliyozoeleka ya vibao vyenye chipu ya PCF8574. Akaingiza programu fupi inayoita anwani zote moja moja, kama mwalimu na daftari la mahudhurio, na ikaitika 0x3F. Chipu yetu ilikuwa PCF8574A: ndugu wa tumbo moja, mlango mwingine. Tukasahihisha, tukashikana mikono.

Buluu tupu.

Mama mkwe alikuwa kakaa kizingitini tangu asubuhi na redio yake ya betri. Wajukuu wanamwita Bi Mawimbi, kwa vile anaweza kuitafuta taarifa ya habari katikati ya mikwaruzo mpaka aipate. "Hicho kidude cha buluu huko nyuma, chenye msalaba, mmekizungusha?"

"Hapana, Mama."

Akachukua kisu cha vitunguu, akakizungusha kwa ncha, taratibu, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza. Herufi zikaanza kujitokeza, kwanza hafifu, halafu nyeupe pe. Kumbe ndicho kinachokoleza maandishi, na kilikuwa kimelegezwa hadi mwisho. Maneno yalikuwepo tangu tuliposahihisha anwani, hayaonekani tu. Injinia alikuwa kaandika: SHIKAMOO BIBI.

Bi Mawimbi akasoma mara mbili, akaomba jibu lake liwekwe mstari wa chini. MARAHABA MJUKUU ikaingia, nafasi 15, ikabaki moja.

Sasa nani ataifuta? Skrini imetundikwa juu ya kitanda cha bibi. Kipimo cha maji kiko kwenye pakiti yake, juu ya kabati. Jana tangi likafurika tena, Waziri akawa uani katikati ya bamia zilizolala, anatuita mmoja mmoja kwa majina ya vyeti vya kuzaliwa. Sisi wanne tulikuwa chumbani kwa Bi Mawimbi, tunahesabu kwa vidole kama jina la Sungusungu linaenea.