Chipu Isiyo na Kazi

Ukitengeneza regulata za sola Bukavu bila kifaa cha kuchungulia mawimbi ya kidijiti, kazi yako ni kubahatisha. Vile vya maana vina bei ya kukufanya uulize mara mbili ukidhani umesikia vibaya, kwa hiyo nikaamua kujiundia changu. Ilibaki kuchagua chipu ya kupangiwa kazi, CPLD au FPGA, tu. Tu!

CPLD kama XC9572XL ina makroseli 72, yaani vijisehemu vya mantiki. Ukiipa kazi leo, itaikumbuka hata umeme ukikatika wiki nzima. Ila haina pa kuweka inachokiona. FPGA kama iCE40HX1K ina kumbukumbu ya biti 65,536, lakini umeme ukienda husahau hadi kazi yake, mpaka isomeshwe upya, kwa kawaida na chipu nyingine ya pembeni. Na umeme huku huenda, ingawa mto Ruzizi unauzalisha mlangoni petu.

Nikachukua yenye kusahau. Nyingi kati ya zile kubwa zaidi zinaficha miguu yake tumboni, na chuma changu cha kulehemu hakifiki huko. Hii ina miguu 144 ya nje, nusu milimita kati ya mmoja na mwenzake. Hata hivyo chuma chenyewe kina mwenza: Mama jirani hukiazima kuzibia mabeseni yaliyopasuka, nacho hurudi ncha yake imevaa plastiki ya kijani.

Mzigo ulipofika mpakani, afisa akaishika chipu kwa vidole viwili.

“Papa, hii iko na kazi gani?”

“Bado haina. Nitaipa mwenyewe nikifika nyumbani.”

“Haina kazi, na umeilipia?”

“Ndiyo, mkubwa.”

Akaigeuza, akaguna. “Niko na shemeji kama hii. Anakula na kulala.” Akanirudishia kwa huruma, akatoza ushuru kwa bidii.

Sasa kifaa kinafanya kazi. Kinatazama waya 8 kwa pamoja, mara milioni 100 kwa sekunde, na kumbukumbu inajaa baada ya mikrosekunde 82 hivi. Vijana wa mtaa walikuja kushangaa. Mama jirani naye akasikiliza maelezo yote kwa adabu, kisha akauliza kama hicho kidude kinajua umeme utarudi saa ngapi, maana beseni lake linangoja.