Kwa Mheshimiwa Administrator: Siombi Cheo, Naomba Leseni

Akaunti ya Kawaida,
Dawati la Uhasibu,
Kompyuta ya Pili Kutoka Dirishani.

Kwa Mheshimiwa Administrator,
Mwenye Nywila,
Kompyuta Hiyohiyo.

YAH: PROGRAMU ILIYOLIPIWA KUDAI HAIJALIPIWA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu, ingawa tunaishi ndani ya kompyuta moja, tunatumia kibodi moja, na umeme ukikatika tunazimika pamoja. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu njia nyingine zote zinapitia kwako, na kwako hakufikiki bila nywila.

Kwa wasomaji wasiokufahamu, naomba nikutambulishe. Kompyuta ya Windows ina raia wa matabaka mawili. Upo wewe na jamaa zako, mnaoweza kusimika programu, kufuta faili za mfumo, kurekebisha saa, kumfungulia mtu akaunti na kumfungia. Halafu tupo sisi wa akaunti ya kawaida, ambao Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilituita bila kumung'unya maneno: akaunti yenye mipaka. Tunaruhusiwa kuandika barua, kuchapisha, kubadili picha ya skrini, na kusubiri.

Sina kinyongo na mpango huo. Naomba hili liingie kwenye jalada langu kabla hujaanza kunishuku, maana najua barua za namna hii huwa zinaishia na ombi moja: nipandishe cheo. Mimi siombi. Wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika tangu mwaka 1975 kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe madaraka yale tu anayoyahitaji kwa kazi yake, basi. Walikuwa sahihi. Anayebisha akumbuke enzi za XP katika ofisi zetu na vibanda vya intaneti. Akaunti ya kwanza kufunguliwa wakati wa kusimika ilikuwa ya usimamizi, na wengi hawakujisumbua kufungua ya pili. Kila aliyekaa kwenye kiti alikuwa bosi. Flashi moja ya mteja aliyekuja kuchapisha CV iliweza kuangusha mashine nzima, kwa sababu kirusi hurithi madaraka ya yule aliyekifungulia mlango. Programu hasidi ya Conficker, iliyozuka mwishoni mwa 2008, ilisambaa kwa mtandao na kwa flashi, na kati ya mbinu zake ilikuwamo kubahatisha nywila dhaifu za wakubwa kama wewe. Kwa hiyo mipaka yangu naipenda, na usiku nalala.

Kilichonileta ni leseni.

Ofisi ilinunua programu ya uhasibu. Ilinunua kweli, Mheshimiwa, risiti ipo. Hatukwenda kwa fundi wa mtaani mwenye kraki. Kijana wa TEHAMA akaja, akainama juu ya bega langu, akabofya kulia kwenye alama ya programu, akachagua ile amri yenye ngao ndogo ya bluu na njano. Skrini ikafifia, kama ilivyo desturi msafara wako unapopita. Akaandika nywila yako huku ameikinga kibodi kwa kiganja, ingawa nywila hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya njano iliyobandikwa chini ya kibodi hiyohiyo. Akaingiza ufunguo wa leseni, herufi na tarakimu kwa mafungu, 8 ikibishana na B, O ikibishana na sifuri. Programu ikamshukuru kwa kuwa mteja wake. Akaondoka akisema, "Tayari, dada. Kazi kwako."

Nikaifungua mwenyewe. Ikanieleza kwamba hili ni toleo la majaribio, zimebaki siku 30, na baada ya hapo sitaweza kuchapisha ankara.

Hapa naomba twende taratibu, maana ndipo ulipo mzizi wa fitina. Kijana alipoandika nywila yako, programu ile haikuwa tena mikononi mwangu. Ilikuwa inaendeshwa na wewe. Sajili ya Windows, ile hifadhi ambamo programu huandika mipangilio yake, ina matawi mawili yanayotuhusu: HKEY_LOCAL_MACHINE, ambalo ni la mashine nzima, na HKEY_CURRENT_USER, ambalo ni la yule anayetumia wakati huo. Mtengenezaji, kwa hekima anayoijua mwenyewe, aliamua kwamba uthibitisho wa malipo uandikwe kwenye tawi la pili. Na anayetumia wakati huo ulikuwa wewe. Basi leo programu ya uhasibu ina mteja halali anayeitwa Administrator, asiyejua debiti wala krediti, ambaye hajawahi hata siku moja kusuluhisha hesabu za benki. Mhasibu anayekesha nayo kila mwisho wa mwezi ni mgeni anayejaribu tu.

Kijana alipoitwa tena, alirudia hatua zilezile, safari hii akibonyeza vitufe kwa nguvu zaidi. Haikusaidia, ila ilitupa matumaini.

Programu ya mishahara ina ugonjwa wake tofauti. Hiyo ni ya kale, ya biti 32, na hupenda kuandika faili ya leseni ndani ya folda yake yenyewe, humo kwenye Program Files, ambamo sisi wa tabaka la chini tunaruhusiwa kusoma tu. Zamani ingekataliwa waziwazi, tukajua moja. Lakini Windows Vista ilipoingia madukani mwaka 2007 ilikuja na busara mpya: programu ya kale ikijaribu kuandika mahali pasiporuhusiwa, isikaripiwe, idanganywe. Faili huchukuliwa na kufichwa kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya mafaili binafsi ya mtumiaji, na programu huambiwa imeandika ilipotaka. Ni kama karani anayepokea barua yako kwa adabu zote, akagonga muhuri wa "imepokelewa", kisha akaitia kwenye droo ya meza yako mwenyewe.

Kwa hiyo mwenzangu wa zamu ya asubuhi aliingiza ufunguo bila kukuhitaji, na akakubaliwa. Tulishangilia. Zamu ya mchana ikaingia kwa akaunti yake kwenye mashine ileile, programu ikamwuliza: wewe ni nani, na leseni yako iko wapi? Naye akaingiza ufunguo uleule. Akakubaliwa pia, kwenye droo yake. Kule mbali seva ya mtengenezaji ilikuwa ikihesabu kimyakimya: mmoja, wawili. Alipokuja wa tatu ikasema kikomo cha uamilishaji kimefikiwa, na kama tuna tatizo tuwasiliane na msimamizi wetu wa mfumo. Tulipowasiliana na msimamizi wa mfumo, akasema tuwasiliane na mtengenezaji. Danadana hii mpira wake ni mimi.

Sitakuchosha na programu ya tatu, ambayo leseni yake ni faili iliyowekwa kwenye diski Z ya seva. Mimi diski Z naiona. Ukiingia wewe kuamilisha, Z inatoweka, kwa sababu iliunganishwa kwa jina langu na haikutambui. Mwenye faili hana madaraka, mwenye madaraka haoni faili. Kikao kimeahirishwa.

Ila suala la saa siwezi kulipita. Kompyuta yetu moja imeishiwa betri ya ubao mama, ile ya duara inayoitwa CR2032, inayouzwa hadi kwa mafundi wa saa. Kila umeme ukikatika, mashine inaamka ikiamini ni mwaka wa ujana wake. Uamilishaji unafanyika kwa mtandao, na seva ya leseni hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyobaki nyuma miaka kadhaa inakitazama cheti hicho na kuona hakijaanza kutumika, basi inakata mazungumzo. Mtumiaji anaambiwa "imeshindikana kuunganishwa" na anaanza kuilaani kampuni ya simu kwa kumaliza bando. Kurekebisha saa ni mamlaka yako peke yako. Lakini tangu Vista, sisi wa kawaida tumeruhusiwa kubadili ukanda wa saa. Yaani ninaruhusiwa kuihamisha kompyuta hii kutoka Dodoma hadi Honolulu bila kibali cha mtu, ila siruhusiwi kuiambia huu ni mwaka gani.

Najua utetezi wako: hivi ndivyo usalama ulivyo. Hapana, Mheshimiwa, na ushahidi uko nyumbani kwako. Windows yenyewe nayo huamilishwa. Kwenye ofisi kubwa zenye seva ya ndani ya uamilishaji, kibali chake hudumu siku 180, na kompyuta hujaribu kukihuisha kila baada ya siku 7. Umewahi kusikia karani wa masjala akiombwa nywila ya Administrator kwa ajili hiyo? Hajui hata kama linatendeka, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na huduma ya ndani inayoendeshwa na mfumo wenyewe, na kibali huandikwa kwa jina la mashine. Yeyote atakayeketi anakikuta. Mtengenezaji wa programu ya uhasibu angeweza kufanya vivyo hivyo: aweke huduma ndogo wakati wa kusimika, aandike leseni kwenye tawi la mashine au kwenye folda ya ProgramData iliyowekwa kwa kazi hiyo. Hakufanya, kwa kuwa alipokuwa akiitengeneza na kuijaribu, alikuwa ameingia kwa akaunti yako. Kwake yeye ulimwengu mzima ni wa Administrator, na programu yake inafanya kazi vizuri sana.

Nije kwenye dawa inayopendwa kuliko zote, na ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kijana wa TEHAMA, baada ya kuchoka, alipendekeza aniingize kwenye kundi la Administrators "ili yaishe". Yataisha, ni kweli. Programu itaamka, ankara zitachapishwa, naye hatarudi kunitoa kundini, kwa sababu hakuna anayerudi kwa mtu asiyelalamika. Mwaka mmoja baadaye idara nzima itakuwa imepandishwa cheo kwa mtindo huohuo, kila mmoja kwa ajili ya programu moja, na siku mtu atakapofungua kiambatisho cha barua pepe kinachodai ni ankara ya dharura, kitakuta milango yote imeshafunguliwa kutoka ndani.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo hayazidi uwezo wako. Programu inaposimikwa, ikiuliza kama ni ya mtumiaji huyu au ya wote, chagua wote; swali hilo halikuwekwa kwa mapambo. Kwa hii ya uhasibu yenye kung'ang'ania jina la mtu, nipe madaraka kwa muda wa kuamilisha tu: niingize kundini, nitoke na kuingia upya, niamilishe kwa jina langu, kisha unitoe papo hapo mbele ya macho yangu, nitoke tena na kuingia. Ufunguo utabaki upande wangu na cheo kitabaki kwako. Kwa ya mishahara, futa kwanza nakala zote zilizojificha kwenye VirtualStore za kila mmoja wetu, maana programu husoma hizo kabla ya ile halisi, halafu uamilishe wewe mwenyewe mara moja, faili ikae kweli kwenye Program Files. Kama bado inataka kuandikaandika humo kila inapofunguliwa, tupe ruhusa ya folda hiyo moja, si ya nchi nzima. Faili ya leseni iliyoko Z inakiliwe ndani ya mashine. Betri inunuliwe. Ile karatasi ya njano ibanduliwe chini ya kibodi, na nywila ibadilishwe, maana tunaijua sote hadi mlinzi wa getini.

Na kabla kijana hajasema "tayari, dada", atoke kwenye akaunti yako, aniache niingie kwenye yangu, aifungue programu akiwa amesimama hapohapo, na aone kwa macho yake inavyoniita.

Siku za majaribio zinaendelea kuhesabika, na ankara za mwisho wa mwezi hazijachapishwa. Naomba jibu kabla hazijaisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtumiaji wa Kawaida

Nakala:
Mtengenezaji wa programu ya uhasibu – ajaribu programu yake kwa akaunti ya kawaida kabla ya kuiuza.
Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA – kwa utekelezaji.
Zamu ya mchana – tafadhali msiingize ule ufunguo tena.